Kufuta, Kufuata

Bi Belmira aliingia Jumanne,
mwavuli ukichuruza maji hadi kwenye nyaya za printa,
akaniuliza, bila salamu, kama naye amekufa.

Hapana, nikasema. Kulikoni?
Barua ya kinu haijafika.
Zeituni zimeiva, nyingine zimeanza kudondoka,
na Mirandela nzima inajua siku yake ya kukamua
ila mimi, na Deolinda, na yule mjane wa nyuma ya kanisa
anayefuga bata.

Nikajitetea. Kompyuta haina upendeleo.
Inafungua faili la wanachama,
inasoma mstari hadi ukomo wake, inashuka,
inasoma unaofuata.
Ikikuta msalaba tuliouweka kando ya jina,
inaufuta mstari. Isipoukuta, inaandika barua.
Watu mia sita na kumi na wawili,
hujamaliza hata kupiga chafya.

Akavuta kiti.
"Basi isome hapa, nione.
Polepole, kama unamsomea mtoto."

Nikaiamuru isimame kila mstari,
ingoje kidole changu.
Daftari letu limepangwa kwa nyumba, mume kisha mke,
tangu enzi za wino.
Mia na arobaini na moja, Abílio Morais: barua.
Na mbili, Adozinda Morais: barua.
Na tatu, Amadeu Queirós. Msalaba.
Futa.

Hapo nikaona kwa macho yangu
nilichokiandika kwa mikono yangu.
Pengo halikukaa pengo.
Aliyekuwa wa nne akapanda kuliziba,
kama foleni ya mkate mmoja anapotoka,
na programu, iliyokwisha kuhesabu tatu,
ikanyanyua mguu ikakanyaga nne,
ambayo sasa ilikuwa nyumba nyingine.
Aliyepanda hakusomwa.
Aliyepanda alikuwa ameketi mbele yangu, soksi zimelowa.

Kufuta. Kufuata.
Herufi moja tu, *a* nyembamba katikati,
nami miaka mitatu nimeipita kama sioni:
kila niliyemfuta
nilimfuta na anayemfuata.

Ndugu wawili, Firmino na Hermínio Vaz,
walikufa baridi moja, wiki mbili mbali.
Wa kwanza kafutika. Wa pili yumo bado,
na msalaba wake ubavuni,
kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni
wenyeji wamekwenda kulala.

Nilidhani atakasirika.
"Amadeu angecheka," alisema.
"Maisha yote alinitangulia mlangoni,
na mlango ukanirudia usoni."

Dawa yake ni ndogo, inatia aibu.
Usifute palepale unaposoma.
Fungua faili jipya, tupu,
uwanakili humo walio hai, mmoja mmoja.
La zamani usiliguse. Mistari yake ibaki ilipo,
asipande mtu, asianguke mtu.
Nikaandika hivyo, mistari saba, yeye akikausha miwani kwa shali.
Printa ikakohoa.
Queirós, Belmira. Alhamisi, saa mbili asubuhi, kinu cha pili.

Akaikunja mara nne. Hakuinuka.
"Na yeye?"
Yuko la zamani, nikasema. Mia na arobaini na tatu.
"Nisomee."

Nikasoma: jina, nukta mkato,
shamba la mtoni, nukta mkato,
miti sabini na mmoja, nukta mkato,
mavuno ya mwisho kilo mia nane na arobaini,
nukta mkato, simu ambayo haiiti tena.

"Mia tisa na ishirini," akasema.
"Magunia mawili niliyabeba mimi jioni, mvua imeanza,
karani alikwisha kufunga daftari.
Sahihisha."

Hakuna programu itakayousoma tena mstari ule.
Sikumwambia.
Nikapeleka kishale mahali pake,
nikafuta tarakimu tatu,
nikaandika tatu,
nikahifadhi.